Mama Anampenda Chef Salopette

Jumatatu, 6 Oktoba 2025

Simu ya Mama imekufa kabisa — imetumbukia ndani ya sufuria ya mboga ya sombe. Sasa tunatumia yangu, watu wawili. Leo asubuhi naifungua, namkuta Mama humo! Manabii, dawa za magoti, harusi za Mbuji-Mayi. Video zangu za misuko ya nywele zote zimepotea. Katongo, mpenzi wangu, alicheka sana nilipomsimulia. Ndiyo algorithme hiyo, akasema, inakuletea kile unachokitazama hadi mwisho.

Hadi mwisho? Basi nina wazo. Baya sana. Zuri sana!

Jumatano, 8 Oktoba

Nimetazama video za Chef Salopette mara nne nne hadi mwisho, kisha nikamkabidhi Mama simu na kujifanya nachagua mchele.

Chef Salopette ni Katongo wangu. Fundi wa mgodini kule Kipushi; siku za mapumziko anajirekodi akipika amevaa salopette, ovaroli yake ya kazi. Jina la kweli halitaji. Asante Mungu! Kwa Mama jina ni kila kitu, na Katongo ni jina la Kikatanga. Mwaka wa 93 Wakatanga walimfukuza Likasi, msichana mwenye godoro kichwani, kwa sababu tu ni Mkasai. Ameapa binti yake haolewi na Mkatanga. Mimi nampenda Katongo mwaka wa pili huu, na nyumbani sijathubutu kulitamka jina lake.

Kicheko barazani. Mama! Amemwona!

Jumamosi, 11 Oktoba

Simu haina kingine sasa. Chef Salopette anakaanga samaki wa Kilwa, wa ziwani. Chef Salopette anakata vitunguu, machozi yanamtoka. Mama amemwita jirani yetu, Mama Falonne, watazame pamoja anavyosonga ugali. “Angalia huyu mutoto vile anapika bukari! Hii njo mukono ya kwetu!”

Ya kwetu! Amekwisha kumfanya Mkasai bila kumuuliza. Nilikimbilia chooni kucheka. Halafu nikaona aibu kidogo. Namdanganya mama yangu mzazi kwa kidole gumba.

Jumanne, 14 Oktoba

Balaa! Mama ameandika chini ya video — kwa akaunti YANGU, jina langu, picha yangu: “Muana wanyi, uko na bibi? Miye niko na binti, iko na adabu.” Eti mwanangu! Yeye anadhani simu inajua nani ameishika. Watu mia tatu wamecheka. Kazini wananiita Mama Mkwe.

Na Katongo, kichaa yule, akadhani ni utani wangu. Akajibu mbele ya watu wote: “Sina bado, Mama. Dimanche nakuya kumuona, tupike pamoja.”

Nikampigia. Ni Mama mwenyewe aliyeandika! Akasema basi atakuja kweli Jumapili, amechoka kuwa salopette tu. Nimelia, nimecheka, sijui nilianza na lipi.

Ijumaa, 17 Oktoba

Mama amesuka nywele. Amenunua sahani mpya! Nimejaribu kumwambia mara tatu. Mara ya tatu nikaishia kuuliza kama chumvi ipo.

Jumapili, 19 Oktoba

Amekuja! Shati jeupe, amenyoa, anatoka jasho. Mama alipomwona alipiga vigelegele, akamvuta moja kwa moja jikoni. Mimi nimejificha chumbani, mlango wazi kidogo, naandika ili mikono iwe na kazi. Wanacheka huko. Mama anamwonyesha namna ya kugeuza samaki asivunjike. Mungu wangu, wanapendana!

Sasa anamuuliza: na jina yako ya kweli?

“Katongo, Mama. Mutoto ya Mwansa, wa Kipushi.”

Kicheko kimekatika. Nasikia mafuta peke yake.

“Ngalula!” Ameniita mimi. “Ulijua?”

Ndiyo, Mama. Sauti yangu imetoka ndogo mno.

Kiti kinavutwa. Nani ameketi? Au nani anaondoka? Siwezi kuchungulia. Samaki anaungua, nasikia harufu, na hakuna anayemgeuza.

Halafu Mama, polepole, kama anayeonja mchuzi wa moto: “Katongo.” Amelitamka! “Toa hiyo shati, Katongo, mafuta itairukia. Ngalula, leta tablier yangu.”

Tablier! Iko wapi aproni yake? Siioni popote —