Sauti ya Baba Imo Ndani ya Kompyuta

Singapadu, Gianyar
13 Aprili 2022

Mpendwa Bli Gede,

Pokea salamu za nyumbani, kaka yangu. Hujambo? Baridi ya Osaka imepungua? Wazee unaowahudumia bado wanakusumbua na chai yao? Sisi tu wazima. Mama goti linamuuma, lakini ukimwambia akae anakununia. Mimi mwili sina neno, moyo ndio haujatulia. Nakuandikia kwa mkono kwa kuwa kompyuta iko kwa fundi, na kwenye simu Mama angesikia.

Nimepata nafasi ya mafunzo niliyokuwa naitafuta. Wanataka tutumie Linux, na hesabu za karakana yetu ya vinyago ziko kwenye Windows. Nikaona kompyuta ibebe mifumo yote miwili, niwe nachagua kila ninapoiwasha. Ili mpya upate pa kukaa, sehemu ya zamani ya diski lazima ipunguzwe, na mafaili yasogezwe. Nikaianza kazi hiyo Jumamosi, kwa kuwa karakana ilifungwa kwa Tumpek Landep, siku ya vyuma kupumzishwa na kupewa sadaka.

Laiti ningengoja! Nilikwenda kuoga nijiandae kwa hekalu, nikaiacha inasogeza mafaili. Mama akapita na sadaka zake. Akaweka kwenye patasi, akaweka kwenye pikipiki, akafika kwenye kompyuta akaikuta inaunguruma. Akachomoa waya. Betri unaijua, ilikufa zamani.

"Hata pikipiki leo imepumzika," akaniambia nilipotoka kuoga, huku akiinyunyizia maji matakatifu, "we Komang unaitesa hii maskini!"

Nikaurudisha waya, nikajaribu kuiwasha. Tangu hapo haiwaki, si upande wa zamani wala wa mpya.

Bli, rekodi zote za marehemu Baba akichezesha vikaragosi vyake zimo humo. Nakala ilikuwa kwenye ile flashi nyekundu, nami niliifuta ili niweke Linux ya kusakinisha. Nilijiambia nitanakili tena baadaye. Naogopa.

Nilimpelekea Pak Rentha, fundi wa sokoni. Akanicheka kwanza: "Siku ya chuma kupewa heshima, wewe ukaona ndiyo siku ya kukipasua tumbo?" Kisha akaacha kucheka. Atainakili diski yote kabla ya kugusa chochote, na amenikataza kuiwasha. Hakuahidi kitu.

Nilidhani nimemficha Mama. Leo asubuhi tulikuwa tunasuka majani ya mnazi, akasema bila kuniangalia, "Sauti ya baba yako imepotea, eh? Mimi ndiye niliyechomoa."

Nikamwambia bado hatujui. Nikamwambia pia kwamba nyimbo zote za Baba anazijua kwa moyo.

"Nyimbo ninazo," akasema. "Kile kikohozi chake kabla hajaanza, nitakitoa wapi?"

Tafadhali Bli, pekua ile simu yako ya zamani. Chochote alichokutumia Baba kwa sauti, hata kama anakukaripia tu kwa kutopiga simu, usikifute. Kinakili mara mbili, halafu ututumie.

Msalimie sana mkeo Ayu Widari, na binamu yetu Raka mkionana. Shangazi Puspa anakusalimu. Miungu na wazee wetu wakulinde kazini na njiani.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,
Komang Ariasih