Kumfukuzia Baba Kifo

Busia, Kenya
4 Juni 1961

Kwa mdogo wangu Oguttu,

Pokea salamu zangu, za shemeji yako Chrispinus na za watoto. Huku hatujambo, ila goti langu linanisumbua mvua ikinyesha. Wewe je, u mzima? Unakula?

Sasa nikushike sikio. Baba tumemzika nyumbani Lunyo bila wewe. Nikasema haya, labda barua ilichelewa. Lakini kumfukuzia kifo bila wewe haiwezekani. Wazee wamekataa ng'ombe wasikimbizwe kukitoa kifo bomani mpaka mwana wa kiume wa kwanza atangulie na mkuki wa baba yake, kama baba alivyotangulia babu alipokufa. Mpaka siku hiyo boma lina mkosi, na wadogo zetu hawawezi kuoa. Watu wanasema ulimchukia baba. Nimechoka kukutetea kisimani kila siku. Ni Jumamosi ya mwisho ya mwezi wa saba. Njoo, usinitie aibu.

Dada yako,
Anjeline

Tororo
15 Juni 1961

Dada yangu Anjeline,

Barua yako nimepata, asante sana. Mimi mwili mzima. Pole na hilo goti. Msalimie shemeji, mwambie tumbaku yake nimemaliza, atume nyingine.

Dada, si chuki. Hii jambo sijaambia mtu. Unakumbuka ile fujo ya kodi, Januari mwaka jana? Mimi nilikuwa Paya, natengeneza mlango wa mkuu wa muluka, chifu mdogo wa pale, yule aliyekuwa anakusanya kodi. Watu walikuja wamefunga majani kichwani, wanapiga pembe. Wakachoma paa. Wakamtoa mzee nje, wakampiga mpaka meno yakamwagika. Halafu mmoja akanipa rungu, akasema, "Piga, au tukupige wewe."

Nikapiga. Lakini haikuwa mimi, dada. Mimi nilikuwa juu karibu na moshi, naangalia mkono wa mtu fulani unapanda unashuka. Sauti hakuna. Uchungu hakuna. Kurudi mwilini, kichwa cha mzee kimeshakuwa laini chini ya rungu.

Tangu siku hiyo natoka mwilini vile vile, nakwenda tu. Nikisikia pembe nakwenda, nikinusa nyasi inaungua nakwenda. Karakanani wananikuta nimesimama na msumeno, kidole kinatoka damu, sina habari. Ili nirudi nashika ubao kwa viganja viwili, nasema jina langu na jina la mama pole pole, mpaka naanza kusikia uchungu. Dresa wa zahanati aliniambia si pepo na si uongo. Alisema hofu ikizidi, akili inamtoa mtu mahali pale ili asimalizike, na ikishajua hiyo njia inaipita hata kama hatari haipo.

Kumfukuzia baba kifo ni pembe, ni majani, ni mikuki. Tafuteni mwingine wa kutangulia. Nakuomba, dada.

Mdogo wako,
Oguttu

Busia, Kenya
28 Juni 1961

Mdogo wangu Oguttu,

Salamu sana. Goti limepoa. Chrispinus anasema tumbaku utaifuata mwenyewe.

Barua yako nimeisoma mara mbili, kisha nikaitia motoni isionwe na mtu. Pole, nimelia. Lakini fujo ile kila mtu aliipitia. Hata mimi nilivuka mpaka kuja huku nikimkimbia mtu mwenye panga, na mtoto mgongoni, na jioni yake nilisonga ugali. Huyo dresa amekupa maneno ya kukaa nayo, basi. Ukija utamlilia baba, na ukilia yatakutoka yote.

Na hutakuwa peke yako. Chrispinus atakimbia ubavuni mwako mwanzo hadi mwisho. Nimemwambia una kizunguzungu tu. Amesema ukianguka atakubeba. Njoo.

Dada yako,
Anjeline

Tororo
8 Agosti 1961

Dada yangu mpendwa,

Habari ya nyumbani? Mimi niko salama, miguu tu imechanika.

Nimekuja na nimeweza. Pembe ya kwanza nakumbuka. Shemeji amenishika mkono, amefunga majani kichwani, anacheka, nakumbuka. Halafu nakumbuka barabara ya Tororo, natembea, na shati limekauka gumu kwa damu. Nafikiri tulichinja nami nikasaidia. Njiani nikamfikia Benedeta wa kwetu, alikuwa ameondoka mapema, kabla ya mwisho. Akaniambia wanawake walinipigia vigelegele, hawajaona mwana anamlilia baba hivyo. Nikafurahi mpaka nikakaa chini. Basi sikukutia aibu.

Shemeji namtengenezea kiti cha mvule, cha kuegemea. Mwambie asante kwa kunishika.

Mdogo wako,
Oguttu

Tororo
20 Oktoba 1961

Dada,

Hamjambo? Kiti kimerudi. Mwenye lori anasema ulikiangalia, ukafunga mlango. Shemeji amenikasirikia? Nimefanya nini?

Oguttu

Busia, Kenya
17 Januari 1962

Oguttu,

Hatujambo, sisi tuliobaki.

Chrispinus amekufa. Mkuki wa baba uliingia chini ya mbavu, ukatoka, ukaingia tena. Watu wote waliona, na wote walidhani ni ule mchezo wa msiba, maana ndivyo tunavyofanya, mtu anachomwa uongo na anaanguka uongo. Wanawake wakapiga vigelegele. Na mimi nilipiga. Nilikuona ukimchoma mume wangu nikapiga vigelegele, kwa sababu nilifikiri ndugu yangu amepona.

Alipokuwa chini alikuambia, "Shemeji, ni mimi." Ukamchoma shingoni. Uso wako ulikuwa umetulia kama unapiga randa. Hapo ndipo watu waliponyamaza. Ukaulaza mkuki chini taratibu, ukaondoka, na hakuna aliyethubutu kukugusa.

Polisi walipokuja wazee walisema aliteleza akaangukia mkuki. Wakaniuliza mimi, nikasema ndiyo. Usinishukuru. Kwanza nilitaka usijue kabisa, baadaye nikataka ujue na ufe. Nilikuchukia, na nikauchukia huu mkono wangu uliokuandikia uje.

Wiki iliyopita bibi harusi alipitishwa hapa mtaani, wanawake wakapiga vigelegele. Nikajiona niko juu, kwenye mabati, namwangalia mwanamke fulani jikoni ametia mkono ndani ya sufuria inayochemka. Sauti hakuna. Mtoto ndiye aliyemvuta. Malengelenge yamenifika kwenye kiwiko, na sikusikia uchungu mpaka jioni. Basi ndivyo ilivyo, Oguttu. Uliniambia, nikakujibu kila mtu aliipitia.

Usije Busia. Watoto wa Chrispinus wasikuone, na mimi sijui nitafanya nini nikikuona.

Barua yako niliichoma, lakini ile habari ya ubao ninaikumbuka. Nimeshika mlango, nimeshika meza, nimesema jina langu na la mama. Bado nachelewa kurudi. Nitumie kile kiti.

Dada yako,
Anjeline