Njiwa Kumi na Watano na Sahani ya Ijumaa

Bukavu, Jumapili asubuhi

Mama yangu,

Nakusalimu kwa mikono miwili, kama unavyopenda nikusalimu nikiwa mbele yako. Magoti yanaendeleaje? Yule mbuzi mkaidi amezaa? Paa la jikoni limestahimili mvua? Mimi ni mzima, isipokuwa kikohozi kidogo cha baridi ya huku. Na kwa kuwa najua ni mdogo wangu Zaina anayekusomea, namwomba asome polepole, wala asiruke mahali nitakapomsema.

Barua yenu ilifika. Dereva wa lori aliiacha kwa mama muuza mahindi sokoni Nyawera, imekunjwa mara nne na inanuka mawese. Zaina ameandika habari nyingi za harusi na za mchele, na mwisho kabisa, kwa herufi ndogo, akaandika kwamba kila Ijumaa bado unaniwekea chakula. Wali na sombe ya majani ya muhogo, kwenye ile sahani ya bati yenye ua la buluu. Unaifunika kwa sahani nyingine, unaiweka juu ya kabati, na Jumamosi asubuhi wanapewa kuku. Miaka minne sasa. Anasema majirani wameanza kukuonea huruma. "Mwandikie aache," ameniambia, "atakusikiliza wewe peke yako."

Mama, nimetembea na barua hiyo mfukoni wiki tatu. Kila nikishika kalamu, kalamu inagoma. Leo nitakujibu, ila nitapita njia ndefu, kupitia kwa njiwa, kwa sababu hao ndio walionipa jibu.

Unamkumbuka Papa Bisimwa, mzee ninayemfanyia kazi ya bustani na ulinzi, yule aliyesoma Ubelgiji na kurudi na mapenzi ya njiwa. Ni njiwa wa mashindano, si wa kula. Unawapeleka mbali ndani ya kitunga, unawafungua, na wao wanarudi nyumbani wenyewe. Anayewahi kufika ndiye mshindi. Zamani tulifanya kazi hiyo wawili. Yeye alikwenda nao kwa gari, mimi nilibaki kwenye kibanda chao nikitikisa kopo la mahindi na kupiga mluzi. Njiwa akisikia kopo anashuka, anaingia, anakula, na ndivyo anavyojifunza kwamba kurudi kuna faida.

Sasa macho ya mzee yameharibika, na wanawe wamempeleka Ulaya kutibiwa. Mimi nimebaki peke yangu na njiwa wachanga kumi na wanane ambao walikuwa hawajaona kitu zaidi ya paa letu. Siku ya kuondoka alinishika mkono akaniambia, "Salumu, nakuachia hawa batoto. Ubafundishe. Nikirudia, nisikute bamekuwa kuku."

Ungeziona asubuhi za huku, Mama. Nyumba iko kwenye mteremko, na chini yake ni ziwa, lakini alfajiri ziwa halipo. Kuna ukungu tu, mweupe, umelala kati ya vilima, na nyimbo za wavuvi wanaorudi zinatoka ndani yake bila wewe kumwona mtu. Nawafungulia njiwa. Wanapanda wakizunguka, mara moja, mara mbili, wanaingia katika ule weupe na kupotea, nami nasimama na kopo langu bila kujua kama nimeamka au bado naota. Halafu wanatokea upande mwingine, mabawa yote yakigeuka kwa pamoja, na jua linawapiga. Nyakati hizo nafikiri kwamba kwa urefu ule labda wanaona hadi Kasongo. Labda wanauona ua wetu, na wewe umeinama unapepeta mchele.

Lakini mtu mmoja hawezi kuwa mahali pawili. Nikiwapeleka mbali, kijijini Nyantende, kwa baiskeli, nani atatikisa kopo nyumbani? Njiwa ana mbio kuliko baiskeli, hasa baiskeli yangu. Atafika akute hakuna mluzi wala mtu, atakaa juu ya paa akijisafisha manyoya, na njiwa mchanga akishazoea kukaa juu ya paa, mwewe naye anazoea kuja pale.

Nikiwa bado nalifikiria hilo, nikafanya kosa, na kosa lenyewe nilifundishwa na wewe, usikasirike. Mzee alikuwa ameniandikia nyuma ya kalenda ya jikoni kwamba siku ya kuwapeleka mbali, wasile asubuhi. Nilisoma nikaelewa, Kifaransa changu si kibovu kiasi hicho. Moyo ndio uliokataa. Nani anamtoa msafiri nyumbani kwake na njaa? Nilikumbuka siku niliyoondoka Kasongo. Uliamka kabla ya jogoo, ukanikalisha chini hadi nikamaliza sahani mbili za wali, kisha ukanifungia kuku mzima, karanga za kuchemsha na ndizi. Nilikula njia nzima hadi Kamituga, na wenzangu kwenye lori wakaniita Bwana Harusi. Basi na mimi nikawamwagia njiwa mahindi na karanga hadi vifua vikawajaa. Nikawaambia kuleni, safari ni ndefu.

Nikawafungua Nyantende, kando ya shamba la maharage. Walipanda wakazunguka, wakaenda zao. Nilipofika nyumbani nikihema, sikukuta hata mmoja. Walikuwa wameshiba, Mama, na njiwa aliyeshiba hana haraka. Baadhi yao niliwaona juu ya paa la kanisa wakiota jua kama watu waliokuja kutembea. Nilitikisa kopo hadi mkono ukafa ganzi, wao wakanitazama tu. Jioni waliingia kumi na mmoja. Kesho yake wanne. Watatu sijawaona hadi leo, na chini ya mwavoka, ule mti wa parachichi uani, nilikuta manyoya ya kijivu niliyoyatambua. Nilikaa pale nikalia, mtu mzima na ndevu zangu.

Siku kadhaa sikuwatoa. Niliwatazama tu na kuwaza, hadi nikaelewa kwamba nilikuwa nimewafundisha kunirudia mimi, na kopo langu na mluzi wangu, wakati mimi sitakuwepo. Ilibidi wajifunze kuirudia nyumba. Mlangoni mwa kibanda zimening'inizwa nyaya ngumu. Njiwa akizisukuma kwa kifua anaingia, lakini kutoka hawezi. Nyuma ya nyaya nikaweka ubao, na juu ya ubao karanga, tatu kwa kila njiwa, basi. Kisha nikawatoa na njaa yao, waruke hapa hapa juu ya nyumba, nami nikajificha nyuma ya jikoni, bila kopo, bila mluzi, bila hata kukohoa.

Siku ya kwanza walisimama juu ya paa hadi jua likawa kali. Aliyetangulia kushuka ni jike dogo lenye unyoya mweupe mkiani, ambalo nimelipa jina la Zaina kwa sababu hulalamika hata likiwa linakula. (Zaina, nilikuomba usiruke.) Aliinamisha kichwa, akachungulia, akaziona karanga, akasukuma nyaya. Wenzake walipomsikia anadonoa, wakafuata. Kesho yake walingoja kidogo zaidi ya nusu ya muda ule. Baada ya wiki mbili walikuwa wakishuka na kuingia moja kwa moja, na mimi nikiwa nyuma ya jikoni nimeziba mdomo kwa shati nisicheke.

Jambo moja nililizingatia kuliko yote. Sikukosa hata siku moja kuweka zile karanga, hata siku ya salongo, tulipoitwa kufagia barabara kabla hakujapambazuka vizuri. Njiwa mchanga akirudi mara moja tu akakuta ubao mtupu, kesho hatasukuma nyaya.

Jana nikawarudisha Nyantende, wote kumi na watano, matumbo matupu. Nilijiambia kwamba nikiwapoteza na hawa, nitamwandikia mzee atafute mtu mwingine. Mama mmoja alikuwa akilima maharage, akasimama akaegemea jembe.

"Papa, izo kuku unapeleka wapi?"

"Haiko kuku, maman. Iko njiwa. Nabafungua hapa, barudie ku nyumba, kule Bukavu."

"Na ku nyumba, nani iko anabangojea?"

"Hakuna mutu. Niko mimi peke yangu."

Alicheka kidogo, kisha akanitazama kwa huruma, kama mtu anayemtazama mgonjwa. "Sasa, papa, batarudilia nani?"

Nilifungua kitunga. Walitoka kwa kishindo kimoja, wakazunguka juu ya shamba lake mara moja tu, wakanyoosha kuelekea ziwani. Yule mama aliweka mkono juu ya macho akawasindikiza hadi wakaisha.

Njia nzima swali lake lilikuwa nyuma ya baiskeli yangu pamoja na kitunga. Nilipanda vilima nikiwaza miaka minne. Nilipokuaga nilisema nitarudi nikishapata cherehani yako. Kisha nikasema cherehani na mabati. Kisha nguo nzuri za kuingia nazo kijijini, nisionekane nimerudi vilevile. Mama, nilikuwa nangoja nishibe kwanza ndipo nirudi. Nilisimama kando ya barabara, nikashuka kwenye baiskeli, nikaona aibu peke yangu pale.

Nilipofika niliangalia paa. Tupu. Paa la kanisa, tupu. Mwavoka, kimya. Niliona manyoya ya kijivu kila mahali ambapo hayakuwepo. Niliegemeza baiskeli, nikafungua mlango wa kibanda polepole, kama mtu anayeingia chumba cha msiba.

Walikuwa ndani, Mama. Wote. Kumi na watano, wamejipanga juu ya vijiti vyao, ubao umesafishwa, hakuna hata ganda la karanga. Zaina aligeuza shingo akanilalamikia kwamba nimechelewa. Nilikaa chini kwenye mavi yao na suruali yangu safi, nikatazama ule ubao mtupu, na sikuwa na haja tena ya kumtafutia yule mama jibu.

Mzee ameandika kwamba macho yanaona, atakuwa hapa kabla ya Ramadhani. Siku nitakapomkabidhi njiwa wake, nitapanda lori la kwanza linalokwenda huko. Cherehani sina. Mabati sina. Nitakuja na kikohozi na nguo nilizovaa.

Nisalimie mjomba, fundi wa baiskeli, mwambie mnyororo alionifungia bado unachomoka kwenye vilima hivi. Msalimie shangazi aliyenitabiria kwamba nitaoa huku na kusahau njia, mwambie sijaoa. Msalimie mke wa kaka na yule mtoto ambaye sijamwona, aanze kuzoea kuniita baba mdogo. Msalimie na mwalimu wa madrasa kama bado ananidai sura nilizoruka.

Wewe Zaina, mdogo wangu, asante kwa kuniandikia. Ulifanya vizuri kuniambia, lakini ombi lako nimelikataa, na ndiyo sababu nimekuomba usome polepole. Usimwambie tena Mama aache. Majirani wakiuliza, waambie ni mambo ya njiwa.

Mama, usiache. Kila Ijumaa, hata mvua ikinyesha, hata Zaina akinuna, funika ile sahani uiweke juu ya kabati. Ila usiijaze tena kama ulivyonijazia siku ile. Kijiko kimoja au viwili vinatosha. Wala usikae macho kusikiliza magari, wala usije barabarani na magoti hayo. Lala, uache tu mlango bila kufunga komeo. Nitausukuma mwenyewe.

Mimi mwanao, mwenye njaa,

Salumu