Nyuzi Nyekundu za Mama

Nyumbani,
Jumapili, 9 Februari.

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo. Mgongo unaendeleaje? Na mkaza mjomba, kikohozi kimemwacha? Sisi hatujambo. Nyonga ya dada yako inaunga polepole, ila mdomo, Mjomba, haukuvunjika hata kidogo.

Nakuandikia kukushukuru kwa swichi na mchoro ulivyonitumia. Tangu aanguke, Mama hakuweza kufika mlangoni, zilipo swichi za taa na feni. Alivumilia joto na giza ili asitusumbue. Akizidiwa ndipo ananiita: "Samahani mwanangu, niwashie feni." Mama kuniomba mimi samahani! Iliniuma sana.

Fundi umeme wa mtaani tunamwita Kesho, na sababu unaijua. Baada ya kumngoja wiki tatu nikaamua kufunga mwenyewe, kama ulivyonifundisha zamani. Nilizima umeme wote, nikapima kwa testa mara mbili. Nikaweka swichi mpya kando ya kitanda, moja ya taa na moja ya feni, ili ziwashe na kuzima sawasawa na zile za mlangoni. Kila swichi ina waya mmoja ambao ukikosea mahali pake umekwisha, basi huo nikaufunga uzi mwekundu ulivyoniagiza. Kabla ya kuunganisha, nikaenda kula.

Niliporudi, nyuzi za upande wa kitanda hazikuwepo. Kwa kiburi changu nikajiambia nakumbuka, nikaunganisha, nikarudisha umeme. Taa ikatii, feni ikagoma: ya kitandani iliwasha tu kama ya mlangoni imebonyezwa. Yaani bado Mama alihitaji mtu mlangoni! Nikakaa chini, machozi karibu.

"Nani kagusa hapa?" nikauliza. Mama mkasi mkononi, hana wasiwasi. "Umeacha nyuzi zinaning'inia, nikazikata. Kazi isiyokatwa nyuzi haijaisha."

Miaka arobaini ya cherehani, Mjomba! Ningemlaumu vipi? Tulicheka mpaka akashika nyonga.

Nikazima umeme tena, nikasoma maneno yako chini ya mchoro: "Ukipotea, fuata waya unaopanda kwenye feni." Nikaufuata, nikaurudisha kwenye skrubu yake. Mama akabonyeza. Feni ikazunguka. Akazima, akawasha, akazima, mpaka nikamwambia ataiunguza.

Fundi Kesho alifika keshokutwa yake. Akakagua kila kitu, akauliza nani kafanya. Mama akawahi kujibu, "Sisi."

Ahsante, Mjomba. Uko mbali, lakini mkono wako umefika chumbani humu.

Wiki nzima hakuniita, na nyumba ikawa kimya mno kwangu. Jana nikasikia jina langu. Nikatoka mbio, nikijua feni imegoma tena. Ilikuwa inazunguka vizuri, na taa inawaka.

"Kuna nini, Mama?"

"Hakuna kitu. Njoo tu ukae."

Hakuomba samahani.

Nisalimie mkaza mjomba na binamu zangu wote, hasa yule Mbishi. Mungu aulinde mgongo wako na mikono yako.

Wako akupendaye na kukushukuru,
Mpwa wako, fundi wa dharura