Chale Kafa, Kupamba Kumeanza

Bi Mwanarusi, salamu nyingi kwako na kwa wote wa gazetini. Nisamehe hati yangu, maana shule niliiacha darasa la sita, lakini kila Ijumaa nasoma majibu yako na nimeona wenye makosa makubwa kuliko langu umewaonyesha njia, basi huenda na mimi ukanionyesha.

Nina miaka ishirini na mbili. Niliolewa mwaka tisini na tatu, twakaa hapa Kuze, na Mungu ametupa mtoto wa kike, Afaf, wa miaka miwili. Mume wangu ni mtu mwema, afanya kazi bandarini, sina la kumsingizia. Shida ni mimi mwenyewe na kanda ya video.

Nina ndugu yangu mdogo, Akil, tumbo moja baba mmoja, kazi yake ni kumbebea taa mtu anayepiga video za harusi upande wa wanaume. Huyu Akil apenda filamu za kutisha kuliko chakula, zile za kukodisha, za mtu aliyejipaka uso rangi akashika kisu na watu wakimbilia juu ghorofani badala ya kutoka mlangoni. Siku moja akaniambia, "Dada, filamu hizi hazitaki mambo makubwa. Zataka kisu, uso wa kutisha na watu wajinga. Hapa kwetu vyote tunavyo." Nikamcheka, lakini akaandika hadithi kweli, nikaisoma, nikaogopa kweli. Kuna chale, yaani yule mtu wa sarakasi wa pua nyekundu, ameitwa kwenye sherehe kuchekesha watu, watu hawakucheka, basi awafuata mmoja mmoja majumbani mwao awaambia "Cheka," na asiyecheka amchinja.

Chale alikuwa Kaingu, mpagazi wa Marikiti, mtu mrefu hata kuingia kwetu huinama, na mpole sana, akimaliza kumchinja mtu amwambia "Pole ndugu," na hiyo pole imebaki kwenye kanda, ukitega sikio utaisikia. Nguo zake nilimshonea mimi kwa pazia mbili kuukuu, nywele ni katani iliyotiwa rangi, pua ni mpira uliokatwa nusu, na damu ni rangi ya mabuyu, shati la mume wangu mpaka leo halijatakata. Mimi kuonekana haifai, lakini Akil alitaka mayowe ya mwanamke, basi nikasimama nyuma ya mlango nikapiga, Afaf akashtuka akaangua kilio, na majirani wakaja mbio wauliza nani kafa. Bi Mwanarusi, siku ile nilicheka mpaka nikakaa chini, na moyoni nikasema ndugu yangu huyu atakuwa mtu.

Sasa sikiliza nilivyokosea. Walipofika katikati, kamera iliila kanda yao ikaitapika kama tambi, kazi ya wiki mbili yote ikaenda. Akil akaja kwangu akaketi jikoni, kanda imekunjamana mapajani. Nikamuuliza, "Umefiwa?" Akanijibu, "Heri ningefiwa, ningeletewa chakula." Huruma ikanishika, nikafungua kabati, chini ya leso zangu nikatoa kanda ya kupamba kwangu, nikamwambia, "Chukua hii, harusi yangu naikumbuka bila deki ya video."

Kwa wasomaji wa mbali wasiojua, kupamba kwetu ni sherehe ya wanawake watupu. Bibi harusi huketishwa juu amepambwa, mabuibui yavuliwa mlangoni, watu wacheza vichwa wazi na nguo za kung'ara, na hata mpiga video ni mwanamke. Mama yule aliyetupigia alikuwa amekivunja kile kipande cha plastiki mgongoni mwa kanda ili isirekodiwe tena, Akil akaziba tundu kwa selotepu, kanda ikakubali. Wakaanza upya, wakapiga tukio moja baada ya jingine kwa mpango, kwa kuwa mashine ya kukata na kuunga hawana, na filamu ikamalizika vizuri, chale afa kwa kuanguka kisimani. Ni kama dakika hamsini. Lakini kanda, Bi Mwanarusi, ni ya saa tatu, na hakuna hata mmoja wetu aliyekaa akafikiri ni nini kilichobaki mbele.

Wakaunganisha deki mbili kutoa nakala, wakabonyeza, wakaenda zao kula, na mashine ikanakili mpaka mwisho. Nakala tatu. Moja nikapewa mimi, moja akapewa Kaingu, moja akapewa Abdulghafur mwenye chumba cha video hapa mtaani, ambaye aliipenda hata akataka kuionyesha Idd mosi, na Akil tangu siku hiyo alikuwa akitembea kama amevaa viatu vipya.

Jumanne alasiri niliweka yangu niitazame huku namlisha Afaf. Chale kafa, kioo kikawa chenga tupu, nami mikono ina uji nikasema nitazima baadaye, mara nasikia vigelegele. Nageuka, najiona mwenyewe nimeketi na dhahabu. Afaf anyoosha kidole, "Mama! Mama!" Kisha akatokea wifi yangu Jihan, dadake mume wangu, acheza katikati na nywele zimefunguka mpaka kiunoni, naye wakati ule alikuwa na miaka kumi na minane. Leo Jihan asomesha wasichana chuoni Kurani, uso wake barabarani hauonekani, na mwezi uliopita ameposwa na watu wazito wa dini. Na usiku ule wa kupamba alinishika mkono akaniambia, "Wifi, kanda hiyo isitoke kabatini kwako," nami nikamwambia, "Amana yako."

Nilimkimbilia Akil. Akaniambia, "Dada, tulia. Nani atakaa atazame chenga? Chale akifa watu wote wainuka." Nikamwambia azikusanye hata hivyo. Ya Kaingu ilirudi siku ile ile, masikini hata deki hana, alikuwa ameiweka juu ya meza wageni waione. Abdulghafur akasema yake amewaazima vijana wa barazani, watairudisha Jumamosi. Na jana nilipita barazani hapo na kikapu changu, kijana mmoja akasema kwa sauti, si kwangu, kwa hewa, "Chale kafa!" Na wenzake wakaitikia, "Kupamba kumeanza!" Wakacheka.

Akil asema hayo ni maneno tu ya vijana, tuisubiri kanda, tuifute kimya kimya, na Jihan asiambiwe kamwe kwa kuwa asilolijua halitamuumiza, na pia Jihan akimwambia kaka yake, yaani mume wangu, filamu itachomwa na Idd ndiyo nafasi yake ya pekee. Mimi naye Jihan si wifi tu, ni kama pacha wangu, nilipojifungua ndiye aliyenikanda, na nikifikiri atakavyoniangalia, buibui nililovaa kumwendea nalivua tena, siku tatu maziwa yamepungua na Afaf alia. Nikinyamaza naogopa, nikisema naogopa zaidi. Natumai wewe waijua njia ambayo hakuna atakayeumia. Nionyeshe, nami nitaifuata.

Ni mimi, Mama Afaf, Kuze.

*

Mwanangu Mama Afaf,

Jawabu hili nakutumia kwa mkono wa yule yule aliyeniletea barua yako, kabla halijaenda gazetini. Sababu nitakwambia mwisho.

Njia ambayo hakuna atakayeumia haipo. Ilikuwepo, uliipita siku ulipofungua kabati. Zimebaki mbili. Jihan aumie kwa mdomo wako, au aumie kwa mdomo wa barazani. Ukichelewa, hata hiyo ya kuchagua hutaipata.

Nimekuonea huruma, usidhani sina. Dada aliyetoa harusi yake mwenyewe ili ndugu yake asilie jikoni ana moyo mzuri, na sitaki uufunge moyo huo kwa ajili ya kosa hili. Lakini wema wako uligawa kisichokuwa chako. Kanda ilikuwa yako, sura zilizomo hazikuwa zako. Kila mwanamke aliyevua buibui mlangoni siku ile alikuvulia wewe, kwa kuwa alijua yuko wapi na yuko na nani. Na yule mama mpiga video alivunja kile kipande makusudi, nanyi mkakiziba kwa selotepu. Mlipokuwa mnakibandika, mwanangu, hamkujiuliza kwa nini kimevunjwa?

Wajifanya hujui kama vijana wameona. Wajua. Mtu ambaye hajaona atalipata wapi neno kupamba? Umeniandikia kurasa nne ili nikwambie kwamba huenda hawakuona, na mimi sitakwambia.

Na huyo Akil wako mwambie hivi kutoka kwangu. Asilolijua halitamuumiza ni maneno ya mtu anayejificha nyuma ya mwanamke. Jihan anasomesha. Wanafunzi wake wana kaka. Siku moja mtoto wa miaka kumi atamuuliza mbele ya darasa, "Ustadha, ni kweli wewe ulicheza kwenye ile video ya chale?" Hapo yeye atajibu nini, ilhali wewe ulijua na ulikuwa ukimkaribisha chai?

Sasa inuka. Jumamosi usiingoje. Leo baada ya alasiri Akil aende barazani aitake kanda ile mbele ya wote, na amchukue Kaingu asimame nyuma yake. Kaingu asiseme neno, urefu wake watosha. Wasipigane, wasitukane. Awaulize kama wameinakili na kwa nani, na akiambiwa jina aende kwa mwenye jina hilo leo hii hii. Na Abdulghafur aambiwe kwamba aliwaazima watu alichopewa aonyeshe chumbani mwake, kwa hivyo na yeye atoke, awaulize wateja wake kwa mdomo wake.

Wakati wao wako barazani, wewe uko kwa Jihan. Usimtangulize mume wako, usimtume mavyaa wako, mama yake Jihan, usiandike barua. Mimi umeniandikia, lakini huyu ni wa kuambiwa ana kwa ana. Mkute peke yake, na usianze na kamera iliyokula kanda, wala ndoto za Akil, wala maziwa yaliyopungua. Hizo zote ni kweli na zote zitasikika kama udhuru. Anza na mwisho: "Nilikuahidi kanda haitatoka, nikaitoa, na nadhani wanaume wamekuona." Kisha nyamaza. Atakalosema lisikilize mpaka liishe. Akilia usimkataze. Akikufukuza, mwambie kanda zote zakusanywa leo na utazileta kwake, kisha toka.

Kanda zenyewe, ile ya asili na nakala zote, zikae kwa Jihan, na yeye ndiye aseme zifutwe, zichomwe au zivunjwe. Akitaka filamu ibaki, nasema akitaka yeye, Akil atanakili zile dakika hamsini peke yake kwenye kanda mpya, huku mwanamke amesimama kando ya mashine, aizime chale anapotumbukia kisimani. Akikataa, basi Akil ataipiga tena tangu mwanzo. Kisu anacho, Kaingu yupo, na pazia mbili wewe utazipata. Idd zitakuja nyingine. Kama kweli ana kipaji, kipaji hakikurekodiwa juu ya harusi yako.

Mume wako umwambie usiku huo huo, kabla hajasikia bandarini. Kesho yake wewe na Jihan, akikubali, na kama hakubali wewe peke yako, mkae muandike majina ya wanawake wote waliokuwepo, mpite nyumba kwa nyumba. Itakuchukua siku mbili na itakuwa aibu. Pita.

Na jambo moja uende nalo kwa Jihan, maana huenda yeye mwenyewe kwa uchungu akalisahau. Hakukosa. Msichana alicheza kwenye harusi ya kaka yake, penye wanawake, na hilo si la kuombewa msamaha na yeyote. Aliyekosa ni wewe uliyetoa, na ndugu yako aliyepokea, na wale waliokaa wakatazama walipoona si chale tena badala ya kuzima. Hao wazito wa dini waliomposa, kama ni wazito kweli, watajua dini imemwambia nani ainamishe macho. Wakiivunja posa kwa hili, amepona mapema.

Sasa ile sababu. Majina yenu nimeyageuza, lakini chale wako siwezi kumgeuza, na mji wetu ni mdogo. Jihan akiisoma barua hii gazetini atajijua kabla hajafika nusu, na hiyo itakuwa mara ya pili kuanikwa na wewe. Kwa hivyo nimeifungia mezani kwangu. Ningependa itoke, kwa kuwa makabatini mwa mji huu kuna kanda nyingi na kila nyumba ina Akil wake. Lakini haitatoka mpaka uniletee karatasi, na ndani yake, kwa mkono wa Jihan na si wako, kuwe na neno moja: Chapa.