Sehemu ya Nne Imevuka Mpaka

Jumamosi, 2 Machi 1996

Nimefungua kibanda changu cha vitabu mapema, nikafagia, nikapanga majarida mbele na Biblia nyuma. Watu wawili walikuwa wameshasimama. Hawataki majarida. Hawataki Biblia. Wanataka kitabu kimoja tu, Miungu Wamehamia Mjini.

Basi leo nimekikata. Kwa wembe. Vipande vinne, kila kimoja nikakishona kwa uzi wa gunia. Roho imeniuma, lakini kitabu ni kimoja na wanaokitaka ni nusu ya Busia. Sasa wanne wanaweza kusoma kwa wakati mmoja, mradi wafuate zamu. Jalada lilishang'oka zamani, hata jina la mwandishi halipo. Aliniuzia abiria mmoja aliyeishiwa nauli ya Kisumu.

Sijawahi kusoma kitu kama hiki. Miungu wa zamani wamekosa watu wa kuwachinjia kuku, kwa hiyo wametafuta kazi kama sisi wengine. Mungu wa radi ameajiriwa kampuni ya umeme, akikasirika mtaa mzima unalala gizani. Mungu wa mvua anauza miavuli stendi. Mungu wa vita ni mlinzi wa duka, ana rungu na redio ndogo. Mama wa Ziwa anauza samaki sokoni, akimngojea mumewe, mungu wa upepo, aliyedandia lori akapotea.

Nimemaliza sehemu tatu. Ya nne naiweka makusudi, kama mtoto anayeacha nyama iwe ya mwisho. Nitaisoma kesho nikitoka kanisani.

Jumapili, 3 Machi

Sikuisoma. Barasa alikuja kula. Huyu ni binamu yangu, anafanya kazi kwa ajenti wa forodha kule mpakani Malaba. Alikula ugali wangu, akamaliza mboga, akaondoka. Sehemu ya nne ikaondoka naye. Zile tatu alishazisoma hapa kwangu kabla sijakata kitabu. Mwizi. Atanitambua.

Jumanne, 5 Machi

Mji umepagawa! Jana jioni stima ilipotea, giza tupu, na soko zima likapiga kelele, "Amekasirika!" Hata wasiosoma wanajua ni nani aliyekasirika. Wabadilishaji pesa wa pale geti la mpaka wamekubaliana kwamba mmoja wao ni mungu wa mvua, kwa sababu kila akija na mwavuli hainyeshi, na akiuacha nyumbani tunaloa. Sasa wanamkataza kuuacha.

Mzee Salim, mwenye duka la vyombo mkabala na mimi, ameniambia kitabu changu ni ushirikina mtupu na niogope siku ya mwisho. Nikamwambia sawa mzee. Baada ya chai akarudi, akasimama akiangalia upande mwingine. "Yule mlinzi, walimfuta kazi ama bado yuko?" Nilicheka mpaka nikashika meza.

Anayesikiliza kuliko wote ni Mama Apiyo. Analeta samaki kutoka Port Victoria na kuwauza hapa kando yangu. Herufi za kitabu zinamsumbua macho, kwa hiyo namsomea kati ya mteja na mteja. Wengine wanacheka, yeye hacheki. Nikifika kwa Mama wa Ziwa anaacha hata kufukuza nzi. Najua kwa nini. Bwana yake alivuka kwenda Jinja, Uganda, kutafuta kazi Apiyo akiwa bado mgongoni. Sasa Apiyo ni msichana wa darasa la tano. Mtu mmoja aliwahi kumwona bwana huyo sokoni Jinja, basi. Hakuna barua, hakuna salamu, na bado mama huyu hataki wanaume wengine hata wamtanie.

Jumatano, 6 Machi

Barasa amekuja na uso wa mtu aliyekanyaga mavi. Sehemu ya nne haipo.

Alimwazima dereva wa lori aliyekuwa kwenye foleni ya Malaba. Foleni haisogei siku nyingi, dereva anachoka, Barasa akamwonea huruma. Asubuhi karatasi zikagongwa muhuri ghafla, geti likafunguliwa, lori likaondoka na miungu yangu juu ya dashibodi. Linaelekea Kigali. Hata Barasa hakuimaliza. Alifika mahali mungu wa radi anapandishwa cheo.

Nimemrushia kandambili. Imempata.

Ijumaa, 8 Machi

Vurugu. Kila mtu amemaliza sehemu ya tatu na kila mtu anataka ya nne. Nesi mmoja ametoka hospitali ya Alupe kwa baiskeli, amekaa kwenye kiti changu na kusema haondoki. Wabadilishaji pesa wamegawanyika makundi mawili, wengine wanasema mungu wa upepo amekufa, wengine wanasema ameoa. Mzee Salim anasema kitabu kisicho na mwisho ni utapeli.

Mama Apiyo alingoja wote waondoke. Akauliza polepole, "Dada Nafula, yule mama alimpata bwana yake ama hakumpata?"

Nimemwambia Jumatatu atajua. Sijui nimeitoa wapi Jumatatu.

Jumapili, 10 Machi

Nimeandika mwisho. Mimi!

Sikwenda kanisani. Nilikaa mezani asubuhi nikisema niandike kidogo tu, nione inavyokuwa. Sikuinuka tena. Chai ikapoa, sikuiona. Sikujua nina vitu hivi ndani. Mama wa Ziwa anamwachia jirani meza yake ya samaki, anavuka geti na hakuna askari anayethubutu kumwuliza karatasi. Anamkuta mungu wa upepo Jinja, kando ya barabara, anajaza upepo magurudumu ya baiskeli. Bwana hamtambui mkewe. Amesahau hata yeye mwenyewe ni nani. Mama anamimina maji kwenye viganja vya mumewe, na hapo mume anainua uso, amekumbuka. Uso mzuri ajabu. Wanarudi pamoja na ziwa zima linatulia.

Nimelia nikiandika. Ujinga mtamu.

Nimeweka Jinja kwa sababu ya Mama Apiyo. Nilitaka kumwona akitabasamu. Kitabu hakikutaja Jinja popote.

Jumatatu, 11 Machi

Rose wa ofisi ya taipu amenipigia kurasa zote bila kuuliza swali. Nimewaambia watu kwamba rafiki yangu wa Kisumu ana kitabu kizima na amenichapia sehemu iliyopotea. Wamekubali wote. Nikasoma kwa sauti maana hakuna aliyetaka kungoja zamu.

Soko lilisimama! Wauza nyanya, wabadilishaji pesa, vijana wa boda boda wamekalia baiskeli zao, wote wameacha kazi. Nilipofika kwenye maji na viganja, nesi wa Alupe akajifuta macho kwa kofia yake. Mzee Salim akakohoa, akasema vumbi la Busia siku hizi limezidi. Kijana mmoja wa boda boda akapiga kengele ya baiskeli na wote wakapiga makofi. Wakasema huyu mwandishi ni mkali, mwisho umeshinda mwanzo. Nilikuwa naungua masikio. Nilitaka kupiga kelele ni mimi, ni mimi.

Mama Apiyo alitabasamu. Akafunga meza mapema, samaki hawajaisha.

Jumatano, 13 Machi

Nimekosea vibaya.

Mama Apiyo amekuja mikono mitupu, bila samaki, kitambaa kipya kichwani. Meza yake amemwachia jirani. Anakwenda Jinja na Apiyo kumtafuta bwana yake. Anasema amekaa miaka yote hii kama mjinga wakati hata mungu aliinuka akaenda. "Mimi ni nani nikae?"

Nikafungua mdomo nimwambie ule mwisho ni wangu. Nikaufunga. Nikampa mkate wa kula njiani.

Ndiyo, mkate. Najichukia.

Alhamisi, 14 Machi

Nimewaona wakivuka. Boda boda mbili, yeye mbele, Apiyo nyuma amevaa sare ya shule kwa sababu ndiyo nguo yake nzuri. Mama Apiyo alinipungia mkono. Nami nikampungia kama mtu mwema.

Huyo mwanamume huenda amekufa. Huenda ana mke na watoto. Huenda atawafukuza mlangoni mbele za watu. Chochote atakachokutana nacho, mimi ndiye niliyemtuma. Wateja wanacheka kibandani na mimi nakosea chenji.

Jumamosi, 16 Machi

Hawajarudi. Nimeuza kidogo, nimejibu watu vibaya.

Mchana Barasa akaja anakimbia, anahema, mkononi ana sehemu ya nne! Dereva aligeuza njiani Kampala na kuiacha kwa ajenti na salamu za shukrani. Barasa alidhani nitamkumbatia. Nimeichukua nikafunga mlango wa kibanda nikiwa ndani.

Mwisho wa kweli ni huu. Mama wa Ziwa haendi popote. Mungu wa upepo anarudi mwenyewe, amezeeka, koti limechanika, anasimama mbele ya meza ya mkewe. Mama hainuki. Anamwuliza, unataka mkubwa au mdogo? Anamfungia samaki kwenye gazeti kama mteja yeyote, kisha anamwita anayefuata.

Ni mzuri kuliko wangu. Mzuri mara nyingi, na imeniuma pia, nakubali. Lakini kilichoniuma zaidi ni kwamba mama wa kitabuni hakuvuka. Mama Apiyo amevuka.

Jumanne, 19 Machi

Hawajarudi. Sehemu ya nne iko chini ya godoro langu. Barasa ametangaza kila mahali kwamba imepatikana na haifanani na ile niliyowasomea, na wateja wananishambulia, mbona miisho ni miwili? Mzee Salim anasema alijua tangu mwanzo kwamba yule rafiki wa Kisumu ni hewa. Nimewaambia ni kweli, hakuna rafiki wa Kisumu. Niliandika mimi. Wakapiga mbinja, wakacheka, mmoja akaniita Mheshimiwa Mwandishi. Siku nyingine ningecheza ngoma. Wanataka ule mwingine sasa hivi. Nimekataa. Hakuna atakayeusoma kabla ya Mama Apiyo. Waninunie.

Alhamisi, 21 Machi

Wamerudi. Nimewaona wakishuka kwenye baiskeli.

Alimpata. Anauza makaa, ana mke wa huko na watoto watatu. Alipowaona alijificha nyuma ya magunia. Yule mke ndiye aliyewakaribisha, akasema karibu nyabo, yaani mama kwa lugha yao, akawapikia matoke na kuwapa mkeka wa kulalia. Bwana mwenyewe alikuwa hawezi kumwangalia usoni. Siku ya mwisho akaosha mikono, akamshika Apiyo na kumpeleka kuona mto. Walikaa huko mpaka jioni. Aliporudi alikuwa amelia, na Mama Apiyo akaona ni mtu mdogo tu, mwoga, mwenye masizi kwenye kucha.

Alinieleza yote akiwa amesimama. Sauti yake ilikuwa kavu.

Nikamwambia. Mwisho ule niliandika mimi. Jinja niliweka mimi. Wa kweli ni mwingine.

Aliniangalia sana. Nilitaka anitukane. "Kwa hivyo nilitumwa na wewe," akasema. Akamshika Apiyo mkono wakaenda.

Nimelia mchana kutwa, wateja wanaona.

Jumamosi, 23 Machi

Mvua ya asubuhi, kisha jua. Mama Apiyo alileta samaki, akapanga meza yake, akauza. Hakunisalimia. Nami sikumsumbua.

Saa ya chakula akavuta kigoda akakaa mlangoni kwangu. Akasema nisome ule mwisho wa kitabuni. Nikautoa mkobani, nikamsomea taratibu mpaka mwisho.

"Ni mzuri kushinda wako," akasema.

Nikasema najua.

"Lakini ungenisomea huu kwanza, ningekaa hapa nikimngoja aje anunue samaki. Mpaka meno yangu yaishe." Hakutabasamu. Hakusema amenisamehe na sikuuliza.

Akainuka, akarudi kwa meza yake. Baadaye kidogo akamtuma Apiyo kwangu. Msichana akasimama mbele yangu na sare yake, aibu tele. Anauliza kama anaweza kupewa zile kurasa za taipu, akae nazo kabisa. Nikamwuliza kwa nini asichukue ule mwisho wa kweli, watu wote wanautaka.

Akasema kwenye ule wangu baba ana uso mzuri.

Nimempa. Nimezikunja vizuri nikazifunga kwa gazeti zisilowe.