Trela Imetoka Migombani

Moshono,
Arusha.
Jumapili, 19 Mei 2024

Mpendwa Baba Mdogo Elinami,

Shikamoo, na shikamoo nyingine kwa Mama Mdogo. Mguu unaendeleaje? Natumaini baridi ya huko Sumbawanga haijakuonea. Sisi hatujambo. Mvua imenyesha wiki tatu, Meru hatujauona hata kidogo, na mwanangu Nice alikohoa sana ila sasa anapiga kelele kama kawaida yake.

Nimeandika barua kwa sababu kwenye simu unanikatiza. Nisamehe Baba, lakini ndivyo ulivyo. Safari hii nisikilize mpaka mwisho.

Ujumbe wako ulinifika: ile trela yako ya kulala isipotoka shambani kufikia leo, mdogo wangu Brian aichukue aifanye duka la simu. Nililia. Ulipostaafu kuendesha watalii ukaiacha migombani, ni mimi niliyefukuza panya, nikaziba paa, nikaweka majiko. Mafundi wanaojenga ghorofa kule Njiro wananisubiri kesho asubuhi niwapikie chai na loshoro ya mahindi na maziwa ya mgando. Jasho langu la mwaka mzima limo humo.

Aliyokuambia Brian ni kweli, sikatai. Jumanne tulijaribu kuifunga kwenye gari lake, trela ikarudi nyuma ikasimama shubiri mbili tu kutoka kaburi la Bibi. Mama yako mzazi!

Pale unapajua, kunashuka kuelekea mtoni na tena kumelala upande. Nilikata magogo ya mgomba nikayakinga nyuma ya tairi, maana sisi kila kitu mgomba: ng'ombe anakula mgomba, kivuli cha kahawa mgomba, na mimi nikaona hata kizuizi ni mgomba. Kumbe mgomba ni maji matupu! Trela ilipolemea, gogo likapondeka, likawa utelezi. Kosa ni langu mwenyewe. Wazee walikuja kuangalia kaburi, wakaguna, na mmoja akasema kazi hii si ya mwanamke. Wee! Moyo ulinichemka.

Nikamwendea Sinyati, jirani yangu na mwanamke mwenzangu, anayeendesha pikapu ya kusombea maziwa. Siku tatu tulichimba ule upande ulioinuka mpaka magurudumu yakakaa sawa. Tukasomba mawe kutoka mtoni, tukayagongea ardhini mbele na nyuma ya kila tairi. Chini ya jeki inayoshikilia mdomo wa trela nikaweka ubao mpana, kwa sababu udongo huu mweusi ukishanywa maji unameza chuma.

Jana asubuhi Sinyati akarudisha pikapu polepole, mimi nimesimama pembeni namwelekeza kwa mikono. Mara ya kwanza akapita kushoto. Mara ya pili kushoto tena, tukacheka kwa hasira. Mara ya tano nikashusha jeki, mdomo wa trela ukakalia kile kichwa cha chuma nyuma ya pikapu, komeo likalia ta!

Brian alikuwa ameegemea uzio, mikono mfukoni. "Basi dada, toeni mawe muondoke," akasema.

"Jiwe haliguswi," nikamjibu.

Nikazungusha jeki upya kuinua mdomo, nione kama umeshika. Ukainuka peke yake, pikapu imebaki chini. Haukuwa umeshika, Baba! Tungetoa mawe, leo ningekuwa nakuandikia mengine kabisa. Nikasafisha tope lililoganda mdomoni, tukaanza tena. Safari hii nilipozungusha jeki, trela na mkia wa pikapu vikainuka pamoja. Tukafunga minyororo, ndipo nikatoa mawe, moja moja. La mwisho alilitoa Brian, bila kuambiwa. Saa saba mchana trela ilikuwa Njiro.

Kabla ya kuondoka nilipanda masale pembeni ya kaburi nikamwomba Bibi msamaha. Na wewe nakutumia jani la isale ndani ya bahasha hii. Unajua Mchagga akipewa isale hawezi kukataa kusamehe, kwa hiyo usihangaike kutafuta njia ya kukwepa.

Msalimie sana Mama Mdogo, na binti yenu Princess mwambie nimemkumbuka. Mungu aliyewapa uzima awaongezee siku, na mguu wako uuchukue mwili wako miaka mingi.

Ila tuelewane, Baba. Jani hilo ni la kaburi tu. Kuhusu trela siombi msamaha wala huruma. Ulisema itoke kufikia Jumapili, nami nimeitoa Jumamosi. Naomba kadi yake ya umiliki, iandikwe jina langu.

Mimi mtoto wako, nikupendaye hata ukinikatiza,

Anande